Darubini ya mtumba, shilingi 60,000: imenionesha nani hasa anamaliza mahindi ya mama mkwe

Nianze na bei, maana ndiyo aliyoiuliza kila mteja aliyeingia kibandani kwangu wiki ile ilipokuwa imening'inia kwenye msumari wa tairi: shilingi 60,000. Mtumba. Muuzaji alianzia 90,000, tukavutana mpaka adhuhuri. Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani, Tanga mjini, na kwa hela hiyo napata tairi mbili, tyubu zake na cheni. Mke wangu alipoiona hakusema kitu. Alikwenda kuwasha jiko.

Sababu ya kuinunua ni nyani. Mama mkwe ana shamba Muheza, chini ya milima ya Usambara, eka tatu: mahindi, muhogo, na safu ya michungwa aliyoiacha marehemu mzee. Upande mmoja linapakana na msitu. Kila msimu mahindi yakianza kukaza punje, nyani wanashuka. Nikaambiwa wewe mkwe ndiye mwanamume tuliyenaye, njoo ulinde. Nikaenda misimu miwili. Nikarusha mawe, nikapiga madebe, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mahindi yakaisha vilevile. Kwa macho matupu nilichokuwa nakiona ni vitu vya rangi ya udongo vikikimbilia msituni. Nani kaingia kwanza, nani kala nini, sijui.

Kabla ya hii nilishaliwa hela. Nilinunua darubini ndogo, mpya, kwa kijana mmoja wa kutembeza, 25,000, imeandikwa ubavuni 30x60 kwa rangi ya dhahabu. Ukiishika picha inacheza kama uko juu ya bodaboda, na pembeni kila kitu kina mstari wa zambarau. Nikachukua rula. Ile 60 inatakiwa iwe upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Nilipima nikapata 22. Na kukuza mara 30 kwa mkono mtupu hakuna mtu anaweza kutuliza, labda uifunge kwenye gogo. Nikampa mwanangu achezee.

Hii ya sasa imeandikwa 8x42, na rula ikakubali. Jina la kampuni limefutika, imebaki herufi moja na nusu. Ni ya umbo la kizamani, yenye mabega, vioo vya mbele vimeachana kuliko vya machoni. Kwenye mizani ya muuza nyanya jirani yangu ilikuja gramu 720 pamoja na mkanda. Hiyo 8 maana yake nyani aliye mita 80 unamwona kana kwamba yuko mita 10. Hiyo 42 ndiyo inayoleta mwanga. Gawanya 42 kwa 8, unapata tano na ushee, huo ndio upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Sikuona umuhimu wake mpaka nilipokuwa shambani saa kumi na mbili asubuhi, jua halijatoka, na nikaweza kuona masikio ya mtoto wa nyani chini ya tumbo la mama yake.

Ila niliinunua mbovu, na muuzaji alijua. Nilikuwa nikiangalia mnara wa msikiti naona minara miwili, mmoja juu ya mwenzake kidogo. Nikarudi nayo nyumbani kichwa kinauma. Ndani ya kila upande kuna vipande viwili vya kioo vya pembetatu, prizimu, na kimoja kilikuwa kimesogea, bila shaka iliwahi kuanguka. Nikainua ngozi ya mpira taratibu kwa wembe, chini yake nikakuta skrubu ndogo, ndogo kuliko ya breki. Nikaifunga darubini kwenye jiriwa kwa kitambaa, nikailenga waya wa umeme ulio mbali, nikageuza ile skrubu robo ya robo. Waya mbili zikawa moja. Kama wewe si fundi usijaribu, utaimaliza. Na kama unanunua, fanya jaribio hilo palepale sokoni: angalia waya au ncha ya nguzo, fumba jicho moja, fumbua, fumba la pili. Kitu kikiruka, rudisha.

Gurudumu la katikati lilikuwa gumu kama ekseli iliyokaa mvuani. Tone la mafuta ya cherehani likatosha. Grisi usiweke, inakimbilia kwenye vioo.

Sasa shambani. Tuna dungu la miti, mita tatu hivi kutoka chini, nikapanda na darubini, chai kwenye chupa, na mjukuu wa mama mkwe mwenye miaka tisa ambaye kazi yake ilikuwa kunishikia chai. Wa kwanza kutokea hakuingia shambani. Alipanda kichuguu ukingoni mwa msitu, akakaa, akaangalia. Dume. Kwa darubini hakuna shaka: mabega yamejaa manyoya, uso mrefu kama wa mbwa, na alipopiga mwayo nikaona meno ya pembeni marefu kuliko kidole changu cha mwisho. Akashuka, akaja moja kwa moja katikati ya mahindi kama anakwenda dukani. Akakamata bua, akalivunja, akakaa kitako, akamenya maganda kwa meno, akala. Hana haraka. Akatupa gunzi likiwa na nusu ya punje, akavuta bua jingine. Nilihesabu mabua kumi na moja kabla sijakohoa. Kisha akaenda kwenye muhogo, akashika shina chini, akang'oa na mizizi yake yote kwa mvuto mmoja. Mimi muhogo ule unanitoa jasho na jembe.

Majike walikuja nyuma yake, na hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimelinda shamba misimu miwili bila kujua kitu. Hawakupita mstari wa pili wa mahindi. Jike mmoja mwenye mtoto aliyening'inia chini ya tumbo aliingia, akachukua hindi moja, hakulila. Alipukuchua punje na kuzisukumia kwenye vifuko vya mashavuni, uso ukavimba pande zote mbili kama mtu aliyekabwa na maembe mawili, akarudi ukingoni, akakaa chini ya mti ambao angeweza kuuparamia mara moja, akaanza kutafuna taratibu alichobeba. Mwingine hakugusa mahindi kabisa. Kwa dakika kama ishirini alikuwa akigeuza mawe kwenye mpaka wa shamba, akiokota wadudu kwa vidole viwili, akichimbua mizizi ya nyasi, akipangusa udongo mkononi kabla ya kula. Na wale vijana wadogo wepesi ndio walioishia kwenye ncha za michungwa, kwenye vitawi ambavyo dume angekaa vingekatika. Shamba moja, kundi moja, asubuhi moja, na kila mmoja na mlo wake.

Binti wa dada yangu anasoma mambo ya wanyamapori chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro, alikuwa amekuja likizo. Nikamsimulia nikidhani nimevumbua jambo. Akacheka.

"Mjomba, hilo ndilo watu wanalosomea miaka."

Akaniambia nyani wetu hawa, wa manjano, dume mzima anafika kilo 22 mpaka 25, na jike kilo 11 au 12. Nusu yake. "Sasa mjomba, dume mwenye uzito mara mbili ya jike, anakula mara ngapi?"

Nikasema mara mbili.

"Hapana. Kama mara 1.7."

Akaniandikia kwenye boksi la tyubu. Kuna mtaalamu anaitwa Max Kleiber, mwaka 1932 alionesha kwamba mahitaji ya mwili hayapandi sawasawa na uzito, yanapanda polepole zaidi. Kiumbe kikubwa kwa kila kilo yake kinaunguza kidogo. Ukipiga hesabu ya nyani wetu, jike kwa kila kilo ya mwili wake anahitaji karibu asilimia 19 zaidi ya dume. Niliielewa kwa upande wangu: injini ndogo inayozunguka haraka na injini kubwa inayozunguka taratibu. Kwa hiyo dume anaweza kujaza tumbo kwa chakula cha hovyo hovyo, muhogo, majani, mabua, mradi kiwe kingi. Mwenye mwili mdogo hana tumbo la kubebea takataka. Lazima achague: punje, mdudu, kitumba cha ua.

Na hapo hujaweka maziwa. Jike karibu maisha yake yote ya utu uzima ama ana mimba ama ananyonyesha. Binti akaniambia kule Amboseli, Kenya, nyani wamefuatiliwa tangu mwaka 1971, kundi kwa kundi, kila mmoja kwa jina, na ilionekana kwamba kadiri mtoto anayenyonya anavyokua ndivyo mama anavyolazimika kuongeza saa za kutafuta chakula, mpaka anakata saa za kupumzika na za kutoana chawa na wenzake. Mke wangu alikuwa anachambua mchele pembeni. Akasema, "Na huyo dume saa hizo yuko kichuguuni." Sikujibu.

Kwa nini basi jike asiingie ndani ambako mahindi ni mengi? Kwa darubini jibu liko wazi. Nilipokohoa, dume aliondoka kwa hatua ndefu, akasimama mita thelathini, akanitazama. Yule mwenye mtoto alikuwa ameshafika juu ya mti. Akikimbizwa katikati ya shamba na mbwa, anakimbia na mzigo unaoning'inia tumboni. Meno hana kama ya dume. Anachukua kidogo, anakiweka shavuni, anakwenda kukila penye usalama.

Nikanogewa. Jumamosi moja nikapanda na binti mpaka Amani, kwenye ule msitu wa hifadhi uliopewa hadhi mwaka 1997, nikitaka kuijaribu darubini kwenye miti mirefu. Hapa niikosoe. Baridi ya asubuhi na ukungu wa mlimani viliifanya itoe jasho ndani, si nje, ndani, kwa karibu saa nzima sikuona kitu. Haizuii maji hata kidogo. Na kuangalia juu kwa gramu 720 shingo inalia. Lakini ilipokauka, tuliona kima kwenye mkuyu. Dume ni mmoja kwenye kundi, mkubwa, amekaa kwenye tawi nene anakula kuyu moja baada ya jingine kama mtu aliyealikwa. Majike walikuwa kila mahali: mmoja anafunua majani yaliyojikunja, anachungulia ndani, anadaka kitu, anatafuna. Binti akasema Gabon, watafiti waliofuatilia jamaa za kima hawa waliona mambo yaleyale, majike wadudu na majani zaidi, madume matunda zaidi. Protini ya mimba na maziwa inatoka wapi? Si kwenye kuyu.

Mbega walituchosha. Wazuri, mabega meupe kama mzee aliyejitanda shuka, lakini wanakaa. Tuliwaangalia saa nzima, walitikisa mkia mara mbili. Chakula chao majani, na majani yanataka tumbo lenye vyumba kama la mbuzi na muda mrefu wa kuchacha. Vifuko vya mashavuni hawana, vya nini, jani liko mbele ya pua. Tofauti ya dume na jike kwao si kubwa kama kwa nyani, na nilipojaribu kuona nani anakula nini, sikuona tofauti. Labda ningekaa siku tatu.

Kwa upande wa wadogo kabisa kuna komba. Wale wanaolia usiku na kulewa tembo la mnazi, kila mtoto wa Tanga anawajua. Nilitaka kuwaona kwa darubini, nikashindwa. Usiku haifai, labda uwe na mtu wa kumulika tochi, na ukimmulika unaona macho mawili mekundu basi. Lakini binti alinipa habari nikabaki mdomo wazi: kwenye msitu wa Zaraninge, upande wa Saadani, kuna komba mzima mwenye gramu 60 hivi. Chini ya yai kubwa. Huyo anaishi kwa wadudu zaidi, na anaweza, kwa sababu anahitaji wachache. Mdudu ni chakula kizuri kuliko vyote ila kwa usiku mmoja huwezi kukamata wengi, uwe na gramu 60 au kilo 24. Komba mkubwa, yule wa kilo moja na zaidi, tayari amehamia kwenye matunda na utomvu wa miti. Na wanaoishi kwa majani, mdogo wao kabisa, lemuri wa Madagaska, jamaa ya komba, anaanzia nusu kilo hivi. Chini ya hapo utumbo hautoshi.

Nilitaka kuamini kwamba kila kitu ni uzito, mafundi tunapenda jibu moja. Binti akaniharibia kwa sokwe wa Gombe. Pale Kigoma ambako Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, dume ana kilo 40 hivi na jike thelathini na kitu, si tofauti ya kutisha. Lakini majike ndio wanaoshinda kwenye vichuguu wakichokoa mchwa kwa vijiti, na madume ndio wanaokimbiza mbega wekundu juu ya miti zaidi. Hata watoto: wa kike wanajifunza kijiti mapema, wanakaa kumwangalia mama, wa kiume wako wanarukaruka. Kuchokoa mchwa unaweza ukiwa umekaa, mtoto yuko mgongoni. Kurukia mbega juu ya mti na mtoto mgongoni ni kumtupa. Kwa hiyo hapo si kilo. Ni mtoto.

Orangutani, jamaa za sokwe wa kisiwa cha Borneo kule Asia, ndio walionirudisha kwenye kilo: dume uzito wake mara mbili ya jike, naye hutembea ardhini zaidi kwa sababu matawi hayamchukui. Ni yule dume wetu na ncha za michungwa.

Turudi kwenye darubini, maana ndiyo ninayoiandikia. Ubaya mwingine: karibu haioni. Chini ya mita tano kila kitu ni ukungu, kwa hiyo kama unataka kuangalia vipepeo au kinyonga tafuta nyingine. Vifuniko vya vioo havikuja nayo, nimekata vya tyubu. Kioo cha kulia kina doa la kuvu pembeni, halionekani ukiangalia ila ukiigeuza kwenye mwanga. Kwa mwenye miwani itamsumbua, vikombe vya macho havikunjiki. Uzuri: picha imetulia, rangi ni za kweli, na ni chuma. Kitu kikiharibika nafungua.

Kwa shamba nimebadilisha mambo mawili. Dungu tumelihamisha, halipo tena katikati, lipo upande wa msitu linatazama kile kichuguu. Anayelinda haangalii mahindi, anaangalia kichuguu. Dume akikaa pale, unashuka mapema, kabla hajaamua. Akirudi msituni, majike hawaji, nimeliona hilo asubuhi nyingi. Na michungwa tumeipogoa matawi yaliyogusana na miti ya msitu, wale vijana sasa inabidi watembee chini, na chini hawapapendi.

Jambo la tatu lilitoka kwa mama mkwe. Kwa adabu za kwetu siwezi kupanda dungu moja na yeye wala kumkabidhi kitu mkononi, kwa hiyo darubini ilikuwa inapita kwa mjukuu, kutoka juu kwangu mpaka chini kwake kwenye mkeka. Siku ya pili akatuma maneno kwa huyohuyo mtoto: "Bibi anasema yule mkubwa anamtazama nani anayepiga kelele. Ukipiga wewe anakimbia. Akipiga yeye anaendelea kula." Kweli. Nikaangalia. Mama mkwe akipiga debe, dume anageuza shingo, anarudi kwenye hindi lake. Wanawake wa kijiji kizima wanasema hivyo hivyo, nyani anawadharau.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikuja amevaa koti langu la mvua na kofia yangu, kamshika mbwa kamba, hakupiga debe wala nini. Alikwenda tu kwa mwendo wa mwanamume mpaka karibu na kichuguu. Mimi niko juu na darubini, nimeona macho ya yule dume. Alisimama kwa miguu minne, akatazama kofia, akatazama mbwa, akaingia msituni.

Nilipotaka kurudi mjini nikamtuma mtoto aniletee darubini. Akarudi mikono mitupu. "Bibi anasema itabaki mpaka mahindi yavunwe. Na anasema huu mkanda unamkata shingo."

Nimemtumia mwingine wa tyubu ya baiskeli, saizi 28, nimeukunja mara mbili na kuutia rivet.